Koo la Tatu

Shikuku alifika Kariobangi na injini juu ya mkokoteni,
ameifunika blanketi kama mgonjwa.
"Imetoka kwa gari lililopinduka Naivasha," akasema.
"Dereva alipona. Hii nayo nataka iruke."

Nikafunua. Hakuna pistoni. Hakuna valvu.
Pembetatu mbili za chuma, nono za mashavu,
kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la njugu,
ncha zake zikilamba ukuta.
Miaka kumi na mitatu nimechomelea mageti,
masufuria ya shule, vitanda vya zahanati.
Sijawahi kuombwa nichomelee pumzi.

Akatoa daftari la kemia, maksi za wanafunzi bado pembeni:
mirija minne, urefu sawa,
isizidi, isipungue hata ukucha.
"Mmoja ukipunjwa, Mbithe, injini nzima itanuna.
Na usisahau tuko juu. Hewa ya Nairobi
ni chai iliyoongezwa maji."

Koo la kwanza nililipinda kwa mchanga mkavu;
likakunjamana kwenye kona kama soksi.
La pili lilikuwa zuri. Nilipiga msasa
mpaka nikaiona pua yangu ndani yake.
Tulipofunga kifuniko, likagota.
Nusu inchi.
Nilitukana ukoo mzima wa inchi,
nikanywa uji, nikalikatakata.

Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka.
Haikuonyi. Inang'aa, inang'aa,
kisha inadondoka miguuni pako
kama mtu mpole aliyechoka kuulizwa.

Ndege yenyewe iko Utawala, nusu sebuleni, nusu barazani.
Nasimiyu huanika maharagwe juu ya bawa la kushoto.
"Itaondoka lini," huniuliza mimi, si mumewe,
"niweke kochi?"

La tatu lilipita chini ya kifuniko
kwa nafasi ya kidole kimoja,
tena cha mtoto.

Jumapili tukafunga mkia kwa kamba kwenye lori la maji.
Kibali cha kuruka bado hakijatoka;
kibali cha kunguruma hatukuomba.
Ikapiga chafya mbili, moshi wa buluu,
majirani wakaanua nguo.
Kisha ikashika: si sauti ya gari,
ni nyuki waliokwisha kukubaliana.
Shikuku alikodolea geji macho,
akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena.

Mimi nilizungukia nyuma, mbali na panga,
nikapeleka kiganja kwenye mdomo wa koo langu.
Likaivuta ngozi, likaiachia,
likaivuta tena,
kama ndama wa siku mbili anavyonyonya vidole
vya mtu aliyeingia zizini
bila maziwa.