Siku ya Tatu

Kioo cha Nkwimba nakirudisha chini ya hadubini.
Jumatatu niliwahesabu, nikaandika kwa wino.
Leo Alhamisi dozi imekwisha,
mama yake kaikunjua pakiti tupu mezani
kama risiti ya deni lililolipwa,
na wao bado wamo, pete za zambarau
ndani ya damu, wametulia kama wenye nyumba.

Sikio la kufa, husemwa, halisikii dawa.
Lakini mtoto alisikia: alimeza, akatapika, akameza tena.
Kiziwi ni mwingine.

Klorokwini iliniwasha utotoni, nikajikuna hadi alfajiri;
wao iliwanenepesha.

Dirishani, harufu ya dagaa wa Igombe juani.
"Wamekwisha?" mama anauliza.
"Wamepungua."
Naitikisa kalamu. Wino hautoki.