Daftari la Usingizi

Wiki ya tatu sasa tangu muuguzi Dorsila
aninyang'anye kitanda changu mwenyewe:
usikiguse kabla ya saa sita usiku;
usingizi ukikataa, ondoka;
saa kumi na moja amka, hata macho yakijaa mchanga.

Basi naketi jikoni, Migosi, nachambua omena,
naandika daftarini: masaa manne na robo.

Miaka thelathini nilikuwa karani wa posta.
Nambari za masanduku zilikuwa zimenitoroka
mojamoja, kama kuku.

Leo sokoni Kibuye, nikingoja chenji,
ghafla: mia nne na tisa!
Sanduku la Ogutu, fundi cherehani.
Kumbe nimeisema kwa sauti.
Muuza nyanya akacheka:
"Mama, bei haijafika huko."