Namba Saba

Jumamosi saa tatu usiku, glosari ya Mwaluko
inauza choya kidogo na soda nyingi,
maana akina mama wamekuja na vigoda vyao
kumwangalia msomaji wa taarifa ya habari
akicheza muheme.

Restituta Kabyemera, yule yule
anayetutangazia mfumuko wa bei bila kupepesa jicho,
leo kabana ngoma katikati ya mapaja,
shanga za kuazima, taa za zambarau,
na sakafu inayong'aa kama sufuria ya harusi.

Anapiga.
Mama Chiwanga anafumba macho.
"Huyo," anasema, "anatwanga uwele wa jirani."

Kweli. Bega linatangulia, mkono unachelewa,
kiuno kinasubiri kibali kutoka ofisini.
Majaji: nne, nne, tatu na nusu.
Bondia mstaafu, aliyecheza rumba kama anakunja shuka,
kapewa tisa.

Lakini chini ya kioo inapita hesabu nyingine:
kila ujumbe shilingi mia tano,
kila mia tano ni ya mashine za joto
za watoto njiti, na sisi Hombolo
tunawajua njiti, tumewafunga vifuani kwa khanga
mpaka jogoo, tukihesabu pumzi.

Mama Chiwanga, miaka arobaini kwenye muheme,
anatoa kisimu chake cha tochi,
anabonyeza saba, anatuma.
Anabonyeza tena.
"Mama, si umesema hajui?"
"Hajui. Ndiyo maana anahitaji wiki nyingine."

Wiki nyingine zikawa sita.
Vocha zikaisha dukani, tukakopa salio kwa wakwe.
Alitoka wa tatu. Hatukuona aibu.

Mvua za kwanza zilileta gari na mashine mbili
(tuliahidiwa nne; wakasema usafiri,
wakasema kodi, wakasema na mengine).

Ndani ya moja, usiku huu,
mjukuu wa Mama Chiwanga: kilo moja na robo,
jina bado, kofia yake soksi ya baba yake.
Anarusha mguu,
anangoja,
anarusha wa pili, nje kabisa ya mdundo.

Nesi anaandika joto kwenye karatasi.
Bibi ameinama juu ya kioo,
kidole kinapiga paja lake, taratibu.

"Siyo hivyo," ananong'ona.
"Sikiliza. Tena."