Dakika Tatu

Ukumbi wa kaunti, Ohio, Jumanne ya theluji.
Saa nyekundu ukutani imeanza kunihesabia.
Naitwa Verlene Tibbs. Nafua mashuka ya hospitali,
zamu ya usiku. Nimekuja na sare, mniwie radhi.

Mmetundika mchoro wa jela mpya:
vitanda mia nne, kuta rangi ya maziwa,
na mchoraji, Mungu amjalie, kapanda miti mlangoni
na mtu anatembeza mbwa.
Huyo mwenye mbwa ni nani?
Kaja kumwona nani?

Mdogo wangu Cordell husikia sauti.
Miaka sita alizinyamazisha kwa vidonge
vya zahanati ya Mtaa wa Fulton.
Kulikuwa na muuguzi pale, Bi Lindqvist,
akimtambua kwa kikohozi tu, kabla hajaingia.
Mkaifunga. Mkasema fungu limekauka.
Leo wanauza matairi.

Februari akachukua blanketi dukani.
La kijani, lenye picha za bata.
Akajifunika, akakaa palepale sakafuni.
Mimi nilipiga simu kuomba daktari.
Waliofika walikuwa na bunduki.

Siku arobaini na moja.
Mimi nimezihesabu kwa risiti za simu,
kila dakika ya sauti yake na bei yake.
Nyinyi mmezihesabu kwa bajeti, nimeisoma,
ukurasa wa sabini na mbili, maandishi madogo:
usiku mmoja wa mahabusu
unapita mwezi mzima wa vidonge vyake.
Basi fungu halikukauka.
Lilichepushwa.

Bwana Hostetler, unatikisa kichwa.
Unataka kuniuliza: na waovu wa kweli je?
Jibu langu ni nusu, nitakupa hiyo nusu.
Aliyenivunjia mlango mwaka juzi
ni kijana wa jirani, miaka kumi na saba.
Nilitaka anitazame usoni.
Nilitaka pete ya mama.
Akapewa miaka minne, pete sijaiona,
na mama yake sasa akiniona huvuka barabara.
Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.
Nusu ya pili sinayo. Nanyi hamnayo,
ila yenu mmeimwagia zege.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta,
nanyi mkandarasi mmeshampata.

Cordell yuko kiti cha nyuma, kavaa koti langu.
Tangu atoke hataki taa izimwe,
kwa hiyo nalala mchana, na taa inawaka.
Msigeuke kumtazama, tafadhali.

Sekunde ishirini. Nawaomba jambo dogo:
mwiteni tena yule mchoraji.
Miti aiache.
Mtu na mbwa wake awaache, wapite.
Afute tu hicho kilicho katikati
achore mlango mmoja, wa kioo,
na kibao kinachosomeka kutoka barabarani:
Tunafungua saa mbili asubuhi.