Mtoto wa Saba

Nimezaa sita.
Wa saba alikuja mwenyewe, jichoni,
mtoto asiyelia, asiyenyonya,
akakua kwa kunywa mwanga wangu
miaka minne, hadi sahani ya bati na mwezi
vikawa kitu kimoja.

Miaka thelathini nilichambua kahawa kiwandani,
punje nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu kule.
Mwishoni nikawa nachambua mchele kwa vidole
na wajukuu wakitema mawe taratibu
ili bibi asisikie.

Walinitoa huyo mtoto Jumanne.
Muda mfupi, kuliko kumenya ndizi za mtori.
"Usikohoe, mama."
Nikakibana kikohozi kama siri ya posa.
Asubuhi Sista Mwanaidi akabandua pamba:
"Vidole vingapi?"
Viwili, nikasema. Na pete imekubana,
na rangi ya kucha imebanduka kwenye gumba.
Akacheka, akauficha mkono mfukoni.

Nani alijua kuwa bluu ipo nyingi hivi?
Ndoo. Mlango wa choo. Hata moshi, hapa Moshi.
Kanga yangu ya kanisani ina doa la mafuta
kubwa kama kiganja, mgongoni,
na ushirika mzima ulinyamaza.
Na mikono hii ni ya nani?
Ya mama yangu.
Nilidhani tulimzika nayo.

Sasa nije kwa Ndetaulwa.
Kila alfajiri mume wangu alikoroga uji,
akasimama kwenye dirisha la jikoni,
akanisomea mlima
kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye mbali:
"Leo Kibo ametoka, mweupe mpaka mabegani."
"Leo amejifunika, ana haya zake."
"Leo kuna wingu moja, limemkaa kama kofia ya askofu."
Nami nikanywa uji, nikiona.

Jana nilikwenda dirishani peke yangu.

Ukuta.

Ghorofa ya Lyaruu. Matofali ya saruji,
nondo zimesimama kichwani kama nywele za aliyetishwa,
kuvu ya kijani imeshuka kutoka kwenye bomba:
si ukuta wa leo, wala wa mwaka jana.
Nikahesabu matofali. Nilipofika mia na arobaini
nikaketi.
Daktari alikataza kuinama, moshi wa kuni, kubeba maji.
Kulia hakukutaja.
Nikafuta kwa pamba safi, nje kuelekea shavuni,
kama nilivyofundishwa.

Baadaye nilizunguka nyuma ya banda la mbuzi.
Pale unaonekana, nusu.
Theluji yenyewe ni haba, vipande vipande,
kama sabuni inayoisha.
Kumbe alikuwa akinipimia na kuongeza,
kama muuza maharage anayekupenda.

Leo alfajiri nilivaa miwani myeusi,
nikakaa kwenye stuli yangu ile ile.
Akakoroga. Akasimama dirishani.
Bega lake la kushoto limeshuka;
hilo hakuna aliyenisomea.
"Mlima je?" nikauliza.

Akanitazama. Akautazama ukuta.
Uji ukatokota, ukamwagika kidogo jikoni.

"Leo," akasema,
"leo umetusogelea kabisa."

Nikamwambia aongeze sukari.