Makato

Ubishi ulianza na paa la jiko la Mama, Ahero:
mabati kumi na manane, na nani anunue.
Oriwo alikuwa amerudi likizo kutoka Odense,
mashavu yamenawiri, vumbi limemkaba koo.
Akasema, Msinitazame mimi. Mimi nakatwa.

Akafungua simu, akatuonyesha hati ya mshahara:
maneno marefu kama trela za miwa za Chemelil,
tarakimu juu ya mstari, tarakimu chini ya mstari,
na kati yake pengo ambalo trekta lingepita.
Karibu nusu, akasema. Nusu! Kabla sijaigusa.

Adongo alikuwa kwenye simu ya pili, Doha,
ameinamisha kichwa chini ya kitanda cha juu.
Alicheka mpaka picha ikaganda.
Mimi sikatwi hata thumni, akasema iliporudi.
Ninachoandikiwa ndicho ninachopokea.
Nyuma yake mwanamke mwingine akageuka usingizini,
akajifunika shuka usoni, kuikwepa taa.

Nami nikatoa yangu, karatasi iliyokunjwa mara nne,
inanuka maabara ya hospitali tunayoiita Russia.
Kodi ya mapato kwanza. Kisha bima ya afya.
Kisha nyumba, ambayo sijui itajengwa mtaa gani
wala ufunguo atapewa nani.
Kisha pensheni, kisha mkopo wa chama,
na kule chini kabisa mshahara halisi,
mpole, kimya,
kama mtoto wa mwisho kwenye foleni ya uji.

Tukalinganisha. Tulilinganisha mpaka chai ikapoa.
Binti ya Oriwo alizaliwa kabla ya miezi yake,
akakaa wiki sita ndani ya kioo chenye joto,
na hakuna aliyekuja na bili.
Hilo Oriwo alilisema polepole, kama mtu
anayekiri kwamba ameficha kitoweo.
Mimi, ninayekatwa bima kila mwezi,
shangazi alipolazwa wodi iliyo chini ya maabara yangu
nilivuka barabara kwenda kumnunulia glavu za daktari.
Na Adongo, tulipomuuliza kuhusu jino,
alisema alilala nalo siku tisa.
Sifuri nayo ina uzito, nikawaza,
ila haipimwi kwa mizani ya hapa.

Basi nani kati yetu ana nafuu?
Na nani anunue mabati?

Mama akatoka jikoni, macho mekundu kwa moshi.
Asilimia, asilimia, tangu asubuhi. Ndiyo nini?
Oriwo akamweleza: Katika kila shilingi mia, Mama,
serikali inachukua kadhaa.
Kwa hiyo usipopata?
Usipopata haichukui.

Mama akamtazama kama anayemtazama mgeni.
Akaingia ndani, akarudi na mkebe wa Kimbo,
na ndani ya mkebe, zimefungwa kwa uzi wa katani,
tikiti za soko, miaka kumi na tisa ya tikiti,
nyingine zimefifia hata jina la baraza halisomeki.
Anazihifadhi ili askari wa kaunti
asije kumwambia hakulipa.

Hamsini, akasema. Nikiuza mchele wote, hamsini.
Nikiuza gorogoro moja, hamsini.
Na ile Jumanne mto ulipovunja kingo,
nikaketi juu ya gunia tangu alfajiri
bila mtu hata kuuliza bei,
hamsini. Choo cha soko bado hakina mlango.
Haya, wasomi. Siku ile ilikuwa asilimia ngapi?

Oriwo, kwa mazoea, akabonyeza simu:
hamsini, gawanya kwa sifuri.
Akasubiri. Akabonyeza tena.
Simu ikaandika: kosa.
Adongo naye alikuwa ameganda, mdomo wazi,
sikujua kama ni mtandao.

Mama akafunga uzi, akafunika mkebe,
akarudi kuchochea moto.

Mabati tulinunua kumi na moja.
Upande wa magharibi bado unavuja.