Pole Mbili

Chumba changu kiko juu ya duka la fundi funguo,
Dundee, ngazi kumi na tisa, hakuna lifti.
Viti viwili. Sikuvitazamanisha:
vyote vinaelekea dirisha, maegesho ya magari,
na mto Tay unaobadili rangi
kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Karatasi za machozi naziweka mbali kidogo,
azitakaye anyooshe mkono.
Wenzangu wananiona mkatili. Huenda.
Lakini nimeona: mkono ukishanyooka kuchukua kitu,
juma lijalo hunyooka kubisha mlango wa mtu.

Fergus Imrie ni fundi wa lifti.
Majuma tisa alinieleza kamba za chuma, breki,
lile jiwe la uzani linaloshuka wewe upandapo.
Sikumkatiza. Nani kasema hakuwa akisema?
Juma la kumi akamtaja nduguye, Callum:
"Anapenda chai kali."
Nikaona ufa, nikausukuma.
"Alipenda," nikasema.

Akavaa koti.
Majuma matatu kiti chake kikakaa na baridi.
Miaka sita ya chuo, nami nikasahau cha jikoni kwetu:
kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aliporudi, theluji mabegani,
Kiingereza kilinitupa mkono.
Neno lao la kuomba radhi humtafuta mkosaji;
ukimwambia mfiwa, hukujibu, "Si kosa lako."
Nikamwambia, "Pole."
Ndiyo nini? Nikamweleza:
hupewa aliyejikwaa, hata kama jiwe si lako.
(Hili la juzi lilikuwa langu.)
"Na ukilisema mara mbili?"
Mara mbili, nikasema, si tena msiba. Ni mwendo.

Akaucheka mto, au alichokiona mtoni.
Saa ikapita saa yake; sikuitaja.
Mlangoni akageuka:
"Lifti isiyojua kwenda taratibu si lifti. Ni shimo."

Kisha nikamsikia akishuka,
akilijaribu kwa lafudhi ya kwao,
ulimi ukiteleza kwenye ile *e* ya mwisho:
pole, kiatu, pole, kiatu.
Alikuwa akijipa rambirambi
au akijifunza kwenda, sikutambua.
Nikaanza kuhesabu.
Ya kumi na moja nikaacha.
Ngazi zile ni zake.